Mirathi ya Majina: Lugha za Iringa na Mbeya katika Jedwali la Guthrie

Mwaka 1948 kilitoka mjini London kitabu chembamba cha Malcolm Guthrie, mwalimu wa lugha za Kibantu katika chuo cha SOAS, juu ya mpangilio wa lugha hizo. Kitabu hicho ndicho kilichozipa lugha za Nyanda za Juu Kusini anwani zilizo nazo hata leo. Kisangu kikawa G61, Kihehe G62, Kibena G63, Kipangwa G64, Kikinga G65, Kiwanji G66 na Kikisi G67. Upande wa Mbeya herufi ilibadilika: Kinyiha kikawa M23, Kimalila M24, Kisafwa M25 na Kinyakyusa M31. Hakuna Mhehe wala Msafwa aliyeulizwa, na pengine hapakuwa na haja, kwa kuwa nambari hizo hazikuwekwa kwa ajili ya wenye lugha bali kwa ajili ya wenye kupanga vitabu na karatasi. Walakini nambari ikiisha kubandikwa juu ya kitu haikai kimya. Huanza kusema habari za kitu chenyewe, na mara nyingine husema zaidi ya aliyoyakusudia mwenye kuibandika.

Mpango wa Guthrie ni rahisi kufahamika. Nchi yote ya Wabantu, toka Kameruni hata Afrika Kusini, iligawanywa katika kanda, na kila ukanda ukapewa herufi kubwa. Ndani ya ukanda mna makundi, nayo huhesabiwa kwa makumi. Ndani ya kundi mna lugha, nazo huhesabiwa kwa mamoja. Ndani ya lugha mna lahaja, zenye herufi ndogo. Basi G42d ni Kiunguja: herufi G ni ukanda, 40 ni kundi, 2 ni Kiswahili, na d ni lahaja ya mji wa Unguja baada ya Kiamu, Kimvita na Kimrima. Ni sanduku ndani ya sanduku, na kila dogo limo katika kubwa lake.

Mpango wa namna hii una tabia moja ambayo msomaji huikubali bila kuifikiri. Kilichomo ndani hudhaniwa kuwa kimerithi sifa za kilichokizunguka. Mtu akiambiwa kwamba Kihehe kimo katika kundi la 60, na kwamba lugha za kundi hilo zina sifa fulani, hujiona hana haja ya kwenda Kalenga kuuliza kama Kihehe kina sifa hiyo. Amekwisha ipata katika mirathi. Na mirathi ni jambo jema, kwa kuwa huokoa kazi. Kiswahili chenyewe hukaa kwa mirathi katika ngeli zake. Neno jipya likiingia katika ngeli ya ki na vi hurithi upatanisho wote wa ngeli hiyo siku ile ile: kitabu kimepotea, vitabu vimepotea, kitabu changu, vitabu hivi. Hakuna anayefundishwa upatanisho wa kila neno peke yake. Lakini kiboko ni mnyama, na kipofu ni mtu. Hayo mawili yamevaa ki, na pamoja na hayo husemwa kiboko amekufa, vipofu wawili wamefika. Sifa ya uhai iliyo katika neno lenyewe imeipiku sifa iliyotoka katika ngeli. Kila mzungumzaji analijua hilo na hakosei. Katika jedwali la lugha, kwa bahati mbaya, hapana mzungumzaji wa kusahihisha. Mna nambari tu.

Guthrie hakuanza na ubao mtupu. Miaka hamsini kabla yake Wajerumani walikuwa wamekwisha andika. Mwaka 1899 Carl Velten, yule yule aliyekusanya habari za desturi za Waswahili, alichapisha maelezo ya lugha ya Wahehe. Mwaka uliofuata Padre Cassian Spiss alitoa orodha ya maneno ya Kihehe. Ndiye askofu aliyeuawa mwaka 1905 katika Vita vya Majimaji. Mwaka 1899 pia ilitoka sarufi fupi ya Karl Schumann ya Kikonde, jina ambalo Wajerumani waliwaitia Wanyakyusa, na mwaka 1905 sarufi ya Kikinga ya Wolff. Elise Kootz-Kretschmer, wa misheni ya Wamoravian, aliwaandikia Wasafwa vitabu vitatu vikubwa vilivyochapwa baina ya mwaka 1926 na 1929. Mtu akiitazama orodha hii ataona jambo moja: lugha zilizopata kitabu ni zile zilizokuwa karibu na boma au karibu na misheni. Wahehe walipata kitabu kwa sababu walipigana. Mwaka 1891 walikiangamiza kikosi cha Zelewski huko Lugalo, na kabla ya Mkwawa kufa mwaka 1898 Wajerumani walikuwa wametumia miaka saba wakiwafikiria Wahehe kuliko kabila lolote la bara. Wawanji, waliokuwa milimani mbali na njia, hawakumshinda Mjerumani katika vita yoyote mashuhuri, na lugha yao haikupata kitabu cha namna hiyo kwa miaka mingi.

Majina yenyewe nayo yana historia isiyo nyofu. Wahehe si jina la kale la watu wote walioitwa hivyo. Ni jina la dola iliyoundwa katika karne ya kumi na tisa, Munyigumba na kisha mwanawe Mkwawa walipoziunganisha nchi ndogo ndogo nyingi chini ya utawala mmoja. Watu wa nchi hizo walikuja na misemo yao. Vile vile Wanyakyusa. Waingereza walipoleta utawala wa kutumia wenyeji, kwa sheria ya mwaka 1926 wakati wa Gavana Donald Cameron, walitafuta katika kila wilaya mtawala mmoja wa kabila moja ili amri ipate njia ya kushukia. Iringa walimpata kwa urahisi, maana nyumba ya Mkwawa ilikuwapo. Katika Rungwe hawakumkuta mtu wa namna hiyo. Waliwakuta watawala wengi wa nchi ndogo, kila mmoja na yake. Hata hivyo kitabu cha wilaya kilihitaji kichwa cha habari, na chini ya kichwa hicho nchi zile zote zikapangwa. John Iliffe ameyaeleza mambo haya kwa urefu katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, naye huonyesha kwamba wenyeji hawakuwa watazamaji tu: waliona faida ya kuwa kabila kubwa, wakashika jina na kulifanyia kazi. Mgawanyo wa ofisi ulishuka namna ile ile ya sanduku ndani ya sanduku: jimbo, wilaya, mtemi, jumbe. Sensa za mwaka 1957 na 1967 zilimwuliza mtu kabila lake. Zilizofuata hazikuuliza tena. Lakini majina yalikuwa yamekwisha hamia katika vitabu vya lugha.

Tukio la Wasangu linaonyesha vizuri namna mstari wa ramani unavyoweza kudanganya. Wasangu huhesabiwa pamoja na Wahehe katika kundi la 60, na nchi yao ni bonde la Usangu, ambalo leo ni wilaya ya Mbarali katika mkoa wa Mbeya. Katika miaka ya 1870 watawala wao wa nyumba ya Merere walizidiwa na Wahehe, wakahama na watu wao kwenda Usafwa, wakajenga boma jingine na kuliita Utengule kama lile la zamani. Hawakurudi Usangu mpaka Wajerumani walipoivunja nguvu ya Wahehe. Kwa muda wa miaka kama ishirini, basi, wasemaji wa G61 walikaa juu ya migongo ya wasemaji wa M25, wakiwatawala na kusikilizana nao. Jedwali halina mahali pa kuandika jambo hilo. Lugha imo katika sanduku moja au jingine. Haiwezi kuwamo katika mawili.

Sasa yatazamwe masanduku yenyewe. Herufi G na herufi M zinaonekana kuwa na heshima moja na tarakimu zinazozifuata, kwa kuwa zimeandikwa katika mstari mmoja. Guthrie mwenyewe hakudai hivyo. Ukanda kwake ulikuwa ni njia ya kurahisisha marejeo, makundi yaliyo jirani yakikusanywa pamoja. Kundi ndilo lililokusudiwa kuwa na sifa za pamoja katika lugha zenyewe. Hayo aliyaandika, na hapana haki ya kumlaumu kana kwamba aliyaficha. Ila watu hukumbuka jedwali na kusahau dibaji.

Kipimo kilikuja baadaye. Derek Nurse, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, alikusanya pamoja na Gérard Philippson maneno ya lugha nyingi za Kibantu za Afrika ya Mashariki na kuyalinganisha. Matokeo yao yalichapwa mwaka 1980 katika kitabu cha Polomé na Hill juu ya lugha za Tanzania. Mwaka 1988 Nurse alirudi na kazi juu ya lugha za kusini-magharibi ya Tanzania peke yake. Matokeo ni ya ajabu kidogo. Kundi la 60 lilisimama. Kisangu, Kihehe, Kibena, Kikinga, Kiwanji na ndugu zao walionekana kuwa ukoo kweli, na Nurse akawaita kwa jina la nchi yao, Nyanda za Juu Kusini. Lakini ukanda wa G haukusimama. Sanduku dogo lilikuwa la ukoo na sanduku kubwa lilikuwa la jiografia, na yote mawili yalipigwa rangi moja.

Waswahili wanahusika hapa kuliko wanavyodhani. Kiswahili ni G42, Kihehe ni G62. Mwanafunzi aliyeipokea herufi G kama jina la ukoo atasema kwamba Kiswahili ni jamaa wa Kihehe wa karibu kuliko Kigiriyama, kwa sababu Kigiriyama kimewekwa chini ya herufi E. Kinyume chake ndiyo kweli. Thomas Hinnebusch na Nurse, katika kitabu chao cha mwaka 1993, wamethibitisha kwa mabadiliko ya sauti kwamba ndugu wa Kiswahili ni Kipokomo, lugha za Kimijikenda, Kielwana na lugha za Komoro, ukoo unaoitwa Sabaki. Kikomoro kilibahatika kuwekwa karibu na Kiswahili, G44. Kipokomo na Kimijikenda walipelekwa ukanda mwingine na ndugu yao. Tena ndani ya kundi lile lile kuna ajabu nyingine, ambayo hutajwa mara chache. Kitikuu kiliandikwa G41, na Kipemba, Kitumbatu na Kihadimu vikaandikwa G43. Kwa hiyo, kwa mujibu wa nambari, Mpemba si msemaji wa lahaja ya Kiswahili. Ni msemaji wa lugha jirani yake, na yote yasemwayo juu ya G42 hayamshukii. Yamkini hapana Mpemba atakayekubali, wala hapana mwalimu wa fasihi atakayeutoa ushairi wa Pemba katika ushairi wa Kiswahili kwa ajili ya tarakimu moja.

Hayo ni makosa ya ukanda, na mtu aweza kusema: basi, herufi iachwe na kundi lishikwe, maana kundi limethibitika. Lakini hata ndani ya ukoo ulio wa kweli si kila sifa hurithiwa. Hapa ndipo Kiwanji kinapodai sehemu yake.

Lugha za Kibantu za kale zilikuwa na irabu saba. Kulikuwa na i mbili, moja ya juu kabisa na nyingine iliyo chini yake kidogo, na u mbili za namna hiyo, pamoja na e, o na a. Carl Meinhof alipolijenga jengo lake la sauti za Kibantu mwaka 1899, Kinyakyusa, ambacho yeye alikiita Kikonde, kilikuwa miongoni mwa lugha alizozisimamisha kama mashahidi, na ushahidi wake ni mzito kwa kuwa irabu zote saba zimo ndani yake hata leo. Lugha nyingine zimeziunganisha zile i mbili zikawa moja na zile u mbili zikawa moja, zikabaki tano. Kiswahili ni mojawapo, ila kimeacha alama ya kale katika konsonanti. Kulima na kuzima vilianza, zamani sana, kwa konsonanti moja. Tofauti ilikuwa katika i. Ile i ya juu iliisukuma konsonanti iliyoitangulia hata ikawa z, na ile ya chini haikuisukuma. Ndivyo ilivyo kwa kutua mzigo na kufua chuma: t ni moja, u ni mbili. Irabu zimepotea na nyayo zake zimebaki.

Kihehe kina irabu tano. Kibena tano, Kisangu tano, Kikinga tano. Mtu mwenye jedwali mkononi na saa chache za kazi atajaza mstari wa G66 bila kusita: Kiwanji, irabu tano. Lakini Kiwanji kina irabu saba. Ni ndugu halali wa Kihehe na Kibena, si mgeni aliyewekwa katika sanduku lao kwa makosa, na pamoja na hayo hakikufuata njia waliyoifuata ndugu zake. Upande wa pili mambo yamepinduka vile vile: Kindali, ambacho ni jirani na jamaa wa Kinyakyusa na ambacho baadaye kilipewa anwani ya M301 chini ya kundi lile lile la 30, kina irabu tano, wakati Kinyakyusa kina saba. Aliyeijua M31 akaidhania M301 atakosa kwa kuzidisha. Aliyeijua G62 akaidhania G66 atakosa kwa kupunguza. Ukoo wa lugha hupimwa kwa mabadiliko ambayo lugha zimeyafanya pamoja. Kubaki na kitu cha kale si kufanya badiliko, na kuunganisha irabu kumetokea katika lugha nyingi mahali pengi, kila moja kwa wakati wake. Kwa hiyo idadi ya irabu ni miongoni mwa sifa zisizofaa kabisa kushushwa toka juu, nayo ndiyo sifa ambayo mwandishi wa alfabeti huitafuta kwanza.

Kwa mwenye kuandika alfabeti jambo hili halina mzaha. Lugha ya irabu saba ikiandikwa kwa herufi tano, maneno mawili yenye maana mbalimbali huandikwa sawasawa, na msomaji wa lugha yake mwenyewe hulazimika kubahatisha kama anavyobahatisha mgeni. Mtoto akikwama katika kitabu hicho huambiwa kwamba hajui kusoma. Mwaka 2003 shirika la SIL lilianza mjini Mbeya kazi ya pamoja juu ya lugha kadha za Mbeya na Iringa, miongoni mwao Kibena, Kikinga, Kimalila, Kindali, Kinyakyusa, Kinyiha, Kisafwa, Kisangu na Kiwanji, kwa ajili ya kutafsiri Biblia na kufundisha kusoma. Sifa ya kazi hiyo, kwa upande wa elimu ya lugha, ni kwamba sauti za kila lugha zilichunguzwa kwa wasemaji wa lugha hiyo kabla ya kukata shauri juu ya herufi. Ndiyo sababu baadhi ya lugha hizo huandikwa kwa herufi mbili zaidi, i na u zenye mstari katikati, na nyingine hazina haja nazo. Mtu asiyekubaliana na shabaha ya kazi yao aweza hata hivyo kukubali kwamba njia yao ilikuwa ya haki.

Tofauti ya lugha iliyoulizwa na lugha iliyodhaniwa ndiyo ambayo jedwali la karatasi haliwezi kuionyesha. Katika programu za siku hizi za kompyuta za kuandikia kumbukumbu, ambamo mstari mmoja huingizwa chini ya mwingine na kupokea sifa zake, zile zilizotengenezwa vizuri humwonyesha mtumiaji kwamba sifa hii ni ya mstari wenyewe na ile imeshuka toka juu. Na sifa iliyoandikwa katika mstari wenyewe huishinda ile ya juu yake, kama uhai wa kiboko unavyoishinda ki. Katika jedwali la Guthrie, G62 na G66 zinaonekana kwa sura moja. Moja ina nyuma yake Velten na Spiss na miaka hamsini ya maandishi. Nyingine ina nyuma yake jina na mahali. Jicho halitambui kwamba moja imejaa na nyingine ni tupu, na kitupu ndicho kinachojazwa kwa mirathi. Kosa hili haliangukii lugha zenye vitabu, kwa kuwa hizo hujitetea. Huziangukia zile ambazo hazijaulizwa.

Ni kweli kwamba mpango wa Guthrie umekuwa na manufaa makubwa, na wale waliojaribu kuuondoa hawakufaulu. Wataalamu wa Tervuren, huko Ubelgiji, waliongeza herufi J kwa lugha za Maziwa Makuu, na wengi wakaifuata. Kuhesabu kwa makumi kulikuwa na mwisho wake: kundi haliwezi kuwa na lugha zaidi ya tisa, na lugha zilizosahauliwa mwaka 1948 zilikuwa nyingi. Jouni Maho, katika orodha aliyoirekebisha na kuitoa mwaka 2009, alizitia kwa tarakimu tatu, ndipo Kindali kilipopata 301 yake, wala hakuzigusa nambari za zamani, kwa sababu maktaba na makala za miaka sitini zilikuwa zimekwisha zitumia. Mwaka huo huo wa 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, ambayo ilikwenda kwa njia nyingine: ilihesabu wasemaji kwa mahali walipo na kuzipanga lugha kwa majina yake. Mipaka ya serikali imebadilika zaidi ya mipaka ya Guthrie. Njombe ilitolewa katika Iringa mwaka 2012, nayo ikachukua Wabena, Wakinga, Wapangwa na Wawanji. Songwe ilitolewa katika Mbeya mwaka 2016, ikachukua Wanyiha na Wandali. Katika orodha ya Maho, hata hivyo, Kiwanji ni G66 kama kilivyokuwa, mstari mmoja chini ya Kikinga na mstari mmoja juu ya Kikisi.